Bi Amna na Mlango wa Jela

Mtaa mzima wa Satwa, kuanzia maduka ya mafundi cherehani hadi gereji za nyuma, hapakuwa na mtu anayeogopa mahakama kama Bi Amna, wala hapakuwa na mtu mwenye sababu ndogo ya kuiogopa kama yeye. Hajaiba, hajamtukana mtu, hajavuka barabara taa ikiwa nyekundu hata pale pasipo na gari wala paka. Alikuja Dubai kutoka Unguja akiwa bi harusi, kwa mumewe Muhanna anayeshona kanzu, na tangu siku aliyoshuka kwenye ndege alijiwekea sharti moja: asionekane. Akimwona polisi mbele yake alihamia upande wa pili wa barabara, na akishahamia alianza kujiuliza kama kule kuhama kwenyewe si kosa.

Nyumbani kwake mlango ulikuwa na kitasa, komeo na mnyororo wa juu. Kitasa alifunga daima. Komeo alilisukuma kila mtu wa mwisho akiingia. Mnyororo ulikuwa wa magharibi. Adhana ya magharibi ikianza tu, Bi Amna alipita chumba hadi chumba akifunga milango na madirisha, kama alivyomwona mama yake akifanya, na mama wa mama yake, kwa sababu hiyo ndiyo saa ambayo wasioonekana hutembea, na mlango ulio wazi wao huuona kuwa ni karibisho. Aliyekuwa nje alibaki nje mpaka agonge na ajitaje jina. Mwanawe Mundhir alikuwa na miaka ishirini na mitano, ana ndevu, na hakuwahi kumiliki ufunguo wa nyumba yao.

"Wa nini?" Bi Amna alisema kila alipoulizwa. "Mie sipo?"

Sasa Mundhir huyu alikuwa ametimiza umri ambao baba hawezi tena kumdhamini mwanawe wa kiume kwenye viza. Hesabu yake ilikuwa fupi: apate kazi yake mwenyewe, au apande ndege aende Unguja kwa mjomba ambaye alimjua kwa sura ya kwenye simu tu, tena mara nyingi ilikuwa paji la uso peke yake, maana mjomba hakujua kushika simu. Bi Amna alipofikiria mtoto wake anaishi mahali asipoweza kumsikia akikohoa, alisukuma sahani kando.

Kwa hiyo kazi ilipopatikana alipaswa kufurahi. Ila ilikuwa kazi ya jela.

Si jela ya watu wa leo. Ilikuwa nyumba ya kale karibu na Khor, ule mkono wa bahari unaoukata mji, nayo iliitwa Nyumba ya Hukumu. Zamani, kabla ya lami na taa, juu palikuwa na ukumbi wa kadhi na chini palikuwa na chumba cha wafungwa. Mtu alihukumiwa ghorofani, akateremshwa ngazi, khalas, safari imekwisha. Siku hizi ilikuwa makumbusho, imepakwa chokaa mpya, na Mundhir aliajiriwa kwa majaribio awatembeze wageni, hasa wale wanaosema Kiswahili.

"Mke wangu," alisema Muhanna bila kuinua macho kwenye cherehani, "mtoto yuko makumbusho. Hayuko jela."

"Jela ni jela hata ukiuza tiketi mlangoni," akasema Bi Amna. "Nimemlea miaka yote asiingie, ameingia mwenyewe kwa miguu yake, na shati kapiga pasi."

Kwa majirani alijaribu kuipamba kazi ile. Jirani yake Ghania alipomwuliza habari za mtoto, alijibu kwa kuvuta pumzi: "Mundhir siku hizi yuko mahakamani."

Ghania akajishika kifua. "Maskini! Kafanya nini?"

Tangu hapo Bi Amna alisema tu kwamba mwanawe yuko kazini.

Majaribio yalikuwa yanaisha siku ya Alhamisi. Siku hiyo bosi wa makumbusho, Madam Maha, angemfuata Mundhir nyuma kwa nyuma akiwa na kundi la wageni, amsikilize mwanzo hadi mwisho, kisha aamue. Akifaulu, viza. Akishindwa, mjomba na paji lake la uso.

Wiki nzima Mundhir alifanya mazoezi sebuleni. Alisimama mbele ya televisheni iliyozimwa, mikono imeganda ubavuni, akasema:

"Karibuni wageni watukufu. Jengo hili limejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Dari lake ni boriti za mikoko. Tafadhali tazameni kushoto."

Bi Amna alimtazama kutoka jikoni na moyo ukamshuka. Hakusoma sana, aliishia darasa la saba, lakini alijua mtu anapozungumza na mtu anaposoma tangazo. Mwanawe aliongea kama yule mwanamke wa metro anayetangaza kwamba milango inafungwa. Ajabu ni kwamba alipokuwa mezani akila, kijana huyo huyo aliweza kueleza mpira wa jana mpaka baba yake akasahau sindano mdomoni.

"Sema kama unavyosema na mimi," mama alimshauri.

"Wewe si mgeni mtukufu, mama."

Alhamisi ilipofika Bi Amna alifanya alilojua. Alikaanga katlesi, akapika visheti, akajaza chupa ya chai ya maziwa yenye tangawizi, akapanga vyote kwenye kikapu, na akapanda basi. Alijiambia anampelekea mtoto chakula. Hata yeye hakujiamini.

Langoni mwa Nyumba ya Hukumu alimkuta mlinzi Mkenya, jina lake Francis, kijana mrefu mwenye viatu vinavyong'aa kama masufuria mapya.

"Karibu, mama. Unataka tiketi?"

"Nataka mwanangu."

Francis alimtazama usoni, akatazama kikapu, akaelewa. "Ala, wewe ndiye mamake Mundhir! Sasa leo ni noma, mama. Ako na wageni, na Madam ako nyuma yake. Hebu ngoja hapa kwa kivuli."

"Nachungulia tu."

"Mama."

"Kidogo."

Mlango wa lango ulikuwa mkubwa, wa mbao nzito zenye misumari ya shaba, lakini wenyewe haukufunguliwa. Ndani yake kulikuwa na kilango kidogo, na ndicho watu walichopitia. Mundhir aliwahi kueleza sababu: kila anayeingia kwa kadhi lazima ainame, tajiri kwa maskini. Bi Amna aliinama, kikapu mbele, akasema bismillahi, na akajikuta katika ua mweupe.

Kusema kweli, nyumba ilikuwa nzuri, na jambo hilo lilimuudhi. Alitarajia mahali pa kutisha, akakuta kuta nene za rangi ya maziwa na baraza la mawe lililozunguka ua, walipokaa watu zamani wakisubiri kuitwa. Juu ya paa ulisimama mnara wa upepo. Ulikuwa umejengwa unyonye upepo wa baharini na kuumimina kichwani mwa kadhi mwenyewe, ili asikasirike kwa joto akahukumu vibaya. Mfungwa hakumiminiwa kitu. Katika pembe ya chini, mlango wa jela ulikuwa wazi, umezuiwa kwa jiwe kubwa la mviringo, na ndani palikuwa peusi kama chungu.

Sauti zilitoka ghorofani. Bi Amna alijibanza chini ya ngazi na kunyoosha shingo. Kupitia matundu ya ukuta aliwaona wageni, kundi la kina mama Wakenya wa chama kimoja cha kanisa, wanaofanya kazi mitaa ya Karama na Silicon Oasis, wamevaa fulana za rangi moja. Nyuma yao alisimama mwanamke mwembamba wa abaya nyeusi na miwani iliyokaa juu ya kichwa. Huyo bila shaka alikuwa Madam Maha.

"Karibuni wageni watukufu," Mundhir alikuwa akisema. "Upana wa chumba hiki umetokana na urefu wa boriti. Tafadhali tazameni juu."

Kina mama wakatazama juu. Wakatazama chini. Mmoja wao, mnene mchangamfu ambaye wenzake walimwita Fridah, akauliza, "Hizo miti zilitoka wapi?"

"Zilitoka Afrika Mashariki. Tafadhali tazameni kulia."

Madam Maha alifunika mdomo kwa kiganja. Bi Amna alikuwa mjuzi wa miayo, kwa kuwa alikuwa na mume, na aliiona miayo ile ikianza masikioni.

"Kwisha kazi," alijisemea. Akamwona Mundhir na sanduku uwanja wa ndege. Akaona mjomba, hamsikii mtoto akikohoa, anashika simu kwa juu.

Alipokuwa hana la kufanya Bi Amna alisali. Magharibi ilikuwa inakaribia, akaenda upande wa vyoo vya wanawake kutawadha. Alitawadha polepole, akilia kidogo, maji na machozi vikaenda pamoja, kwa hiyo hakusikia kundi likishuka ngazi.

Wakati huo Mundhir alikuwa amefika mwisho wa maelezo yake, sehemu ambayo Madam mwenyewe alimpangia. Aliwaingiza wageni ndani ya chumba cha jela, mpaka kule mwisho kwenye kona, akawaketisha sakafuni, akazima taa kwa swichi ya nje, akarudi ndani.

"Tafadhali fungeni macho. Mtakaa kimya kabisa. Mtahisi alivyohisi mfungwa."

Wakafunga macho. Na Madam Maha, bosi wa haki, akafunga ya kwake.

Bi Amna akatoka chooni na uso uliolowa. Ua ulikuwa mtupu. Hakuna sauti. Alidhani wamepanda paa kuangalia mnara. Hapo hapo adhana ikapanda kutoka msikiti wa jirani, ikaitikiwa na wa pili na wa tatu, na kivuli kikajaza ua. Macho yake yakaenda penyewe kwenye pembe.

Mlango wa jela, ule, ulikuwa wazi. Magharibi. Wazi kabisa, umezuiwa kwa jiwe, nyumba ya watu waliofia humo na wengine walioapiza humo, na mwanawe yu paani juu yake.

"Watu hawa hawana wakubwa?" alinong'ona.

Hakufikiri zaidi. Mkono uliofunga milango miaka yote hauhitaji ruhusa. Aliweka kikapu chini, akalisukuma jiwe kwa mguu, akauegemea mlango kwa bega. Ulilia kwa bawaba zake, ukaja, ukagonga kizingiti. Kwa nje, gogo la mbao ambalo halijafanya kazi miaka mingi likateleza likaingia mahali pake.

Ko.

Bi Amna akapangusa mikono, roho imetulia. Kazi nzuri. Akainama kuchukua kikapu.

"Hiyo ilikuwa sehemu ya ziara?" sauti iliuliza kutoka ndani ya ukuta.

Kikapu kilimponyoka. Akasikia mnong'ono, halafu minong'ono mingi, halafu ngumi kwenye mbao. Du, du, du. Alichofanya ni alichofundishwa: aliweka mgongo kwenye mlango, akakita miguu, na akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti. Kadiri walivyogonga ndivyo alivyosoma.

"Woi! Yesu wangu, tumefungiwa!" ikasema sauti nyingine.

Bi Amna akanyamaza. Alijua kidogo kuhusu majini, na hakuwahi kusikia kwamba jini wa zamani wa Dubai husema woi.

"Mama?" Sauti hii aliijua kabla haijamaliza neno. Ilikuwa ikitoka chini, usawa wa goti, ambapo mlangoni palikuwa na tundu la mraba lenye ukubwa wa sahani. "Mama, ni wewe?"

Bi Amna akapiga magoti. Katika tundu lilionekana jicho moja la mwanawe na nusu ya ndevu.

"Mundhir! Nani kakufunga?"

Jicho likaenda kwenye jiwe lililosukumwa kando.

"Mama," Mundhir akasema, "toa gogo, fungua."

Akalisukuma gogo. Halikusogea. Akalivuta. Akaliomba. Francis akaja mbio, akalishika kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo ikatoka, viatu vikateleza, akakaa chini kwenye jiwe.

"Mama, wewe umefunga nani humu?" alihema.

"Mwanangu."

"Na nani tena?"

"Watu wa kanisa," akasema Bi Amna, na sauti ikapungua, "na bosi wenu."

Francis akashika kofia yake kama mtu aliye mazikoni. "Aki tumeisha. Niite zimamoto?"

"La!" Mundhir alipaza sauti kwenye tundu. "Zimamoto watauvunja. Mlango huu ukivunjwa, hakuna makumbusho, hakuna kazi, mimi kesho nipo Unguja. Sikilizeni. Hilo gogo haliondoki kwa nguvu, lina ufunguo wake. Uko ghorofani, kwenye kabati la kioo."

"Na ufunguo wa kabati?" akauliza Francis.

Ndani pakasikika mkoba ukifunguliwa, vitu vikipekuliwa, na mkono mwembamba wenye bangili ya dhahabu ukatokea tunduni ukiwa na kifunguo kidogo. Bi Amna akakipokea kwa mikono miwili, kama anayepokea zawadi ya mfalme. Aliposikia mkono umerudi ndani, akainama karibu na sikio la mwanawe.

"Huyo ndiye bosi mwenye kiburi?" alinong'ona, kwa mnong'ono wake ambao Satwa ulisikika mpaka kwa Ghania. "Nimemwona akipiga miayo. Pua juu kama kuku anayekunywa maji. Mwambie..."

"Mama!"

"Si hajui Kiswahili."

Ndani bangili ikagonga ukuta. Halafu kutoka gizani sauti ya kike, kavu, yenye Kiunguja cha kizee ambacho Bi Amna hakukisikia tangu kufa kwa bibi yake, ikasema:

"Kiburi nimekiacha huko nje, bibie. Humu ndani kuna joto."

Bi Amna akatamani sakafu ifunguke. Lakini kwa vile siku hiyo hakuna kilichokubali kufunguka, akapanda ngazi na Francis.

Ngazi zenyewe hazikulingana, moja fupi, moja ndefu, zilijengwa hivyo makusudi ili anayekimbia ajikwae, na Bi Amna alijikwaa kwenye kila moja kama mfungwa mwenye hatia. Walipofungua kabati, king'ora kikalia nyumba nzima kama tausi aliyekanyagwa mkia. Bi Amna akainua mikono juu, tayari kukamatwa. Francis akatafuta pa kukizima, akakizima, akaushusha ule ufunguo.

Haukuwa kama ufunguo. Ulikuwa kipande cha mti, mrefu kama mkono kuanzia kiganja hadi kiwiko, mwishoni una vijiti vilivyosimama.

"Huu ni mswaki," akasema Francis.

Waliporudi, Francis alisikia wageni wengine langoni, akakimbia kuwazuia. Bi Amna akabaki peke yake na mswaki.

"Upo?" Mundhir aliuliza tunduni. "Vizuri. Upande wa kushoto wa gogo kuna mwanya. Ingiza, vijiti vitazame juu."

Akaingiza. Akazungusha.

"Usizungushe!"

"Ufunguo usiozungushwa ni ufunguo gani?"

"Wa miti, mama! Juu ya gogo kuna vipini vidogo, vimedondoka kwenye matundu yake, ndivyo vinavyolishika. Wewe unavinyanyua na hivyo vijiti, vyote kwa pamoja, halafu unavuta. Ni kama kichana. Huzungushi kichana kichwani."

"Sasa si ungesema kichana tangu mwanzo? Na usinigombeze mbele za watu."

"Wako gizani, hawatuoni."

Ndani mtu akacheka. Alikuwa Fridah. "Hebu, kaka," akauliza, "huyo aliyetengeneza mlango, kwa nini aliweka shimo chini hivi?"

"La chakula," akajibu Mundhir, huku jicho lake halimwachi mama. "Kadhi hakuwalisha wafungwa. Ukiwekwa humu, chakula ni cha kwenu. Mama yako anakuja, anapiga magoti pale nje, anakupitishia sahani. Pitisha mkono, gusa ukingo wa chini... umeona ulivyolainika? Hukupigwa randa. Ni sahani hizo, na mikono. Juu kidogo, mama, bado kijiti kimoja. Na asiye na mtu alikula cha mwenzake. Kuna mmoja, tukipata taa nitawaonyesha, alichora mbuzi ukutani. Alikuwa amemwiba, akamla, na kila siku akamchora tena. Nadhani ilikuwa njaa kuliko majuto."

Kicheko kikajaa chumba. "Na boriti?" mwingine akauliza. "Zile ulisema tutazame juu?"

"Boriti zilikuja na majahazi kutoka kwetu, Lamu, Rufiji. Mkoko haurefuki utakavyo, ndiyo maana kila chumba cha zamani hapa ni chembamba. Kadhi hata angekuwa na hekima kiasi gani, ukumbi wake ulipimwa na mti wa kule kwetu. Mama, unasukuma au unanyanyua?"

Bi Amna hakujibu. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango wa jela, na mtoto aliyemfunga vifungo vya shati asubuhi alikuwa anamwelekeza afanye nini, na yeye, mara ya kwanza katika maisha ya mtoto huyo, alikuwa anafanya. Tena alijua kuwa ile ndiyo sauti ya mezani. Hakuna aliyepiga miayo. Akaogopa kufungua mapema.

"Umekula?" akauliza badala yake.

"Mama, huu si wakati..."

"Mimi sijala," ikasema ile sauti kavu ya Kiunguja.

Basi Bi Amna akaacha ufunguo ukining'inia, akavuta kikapu, akaanza kupitisha. Katlesi zikapita tunduni moja moja, visheti kwa viganja, kikombe cha kifuniko kikijaa chai na kurudi kitupu. Mikono ya kila rangi ya kucha ilitokea na kupotea. Ndani pakawa kama arusini. Fridah akataka kujua katlesi imetiwa nini, Bi Amna akamweleza kupitia ukutani, na Madam Maha akasema bibi yake alikuwa akitia na ndimu, Bi Amna akasema bibi yake huyo alikuwa mtu wa maana.

Kikapu kilipokwisha, alirudi kwenye ufunguo, akanyanyua vijiti vyote kwa pamoja kama mtu anayeinua nywele za mtoto, akavuta. Gogo likatoka laini, kana kwamba halikuwahi kukataa.

Walitoka wakifumba macho kwa mwanga wa taa. Kina mama wa kanisa walimkumbatia mmoja mmoja. Walidhani tangu mwanzo ilipangwa, na Fridah akasema ziara nyingine za Dubai hazina mfungwa wala mama. Madam Maha alitoka wa mwisho, ana makombo ya kisheti kwenye abaya. Alienda akaketi kwenye baraza la mawe, akamwashiria Bi Amna asimame mbele yake.

Hapo Bi Amna akajua kuwa aliyoyaogopa maisha yake yote yamefika. Yuko mahakamani, amekamatwa, shahidi ni dunia nzima.

"Bibi yangu alizaliwa Unguja," akasema Madam. "Alinilea yeye. Magharibi alikuwa anafunga hata mlango wa kabati."

"Na Kiswahili ukatuficha?"

"Sikukificha. Hakuna aliyeniuliza." Akamgeukia Mundhir, ambaye mikono ilikuwa imeanza tena kuganda ubavuni. "Miezi mitatu namsikia huyu akisema wageni watukufu. Leo ndiyo nimemsikia yeye. Ukirudi kuniambia tazameni kulia, nitakufungia humo mwenyewe. Utabaki. Mambo ya viza wiki ijayo, inshallah."

Bi Amna akatangulia kabla furaha haijamfika. "Samahani, madamu. Hiyo inshallah ya kweli, au ile ya ofisini?"

Madam Maha akamtazama, kisha akacheka mpaka miwani ikaanguka kutoka kichwani. "Ya kweli, bibie. Jumatatu alete pasi yake. Na wewe hukumu yako: lile jiwe hutaligusa tena. Ukija, njoo na tiketi, na katlesi, na mikono yako uiweke pale Francis anapoiona."

Bi Amna alisali magharibi iliyokuwa inampita, na Mundhir akabaki kufunga kazi. Zamani Bi Amna angemsubiri langoni, na angemsubiri mpaka asubuhi. Safari hii alimtazama akiwaonyesha kina mama yule mbuzi wa ukutani, akirusha mikono, kisha yeye akachukua kikapu kitupu, akainama kwenye kilango, akatoka. Alikiacha kilango wazi nyuma yake. Mkono ulimuwasha mpaka kituo cha basi.

Nyumbani alimsimulia Muhanna, ambaye alisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza kama zimebaki katlesi. Hazikubaki.

Ilipofika saa ya kulala Bi Amna alisimama mbele ya mlango wake. Mnyororo hakuufunga. Komeo aliligusa, akaliacha. Akatoa ufunguo wa akiba kwenye kopo la iliki, akashuka mpaka duka la mumewe, lililo chini ya nyumba na limeshafungwa, akautia kwenye bahasha ndogo ya vifungo na kuuficha nyuma ya kibao cha mlangoni ili Mundhir aupitie njiani, akampigia simu kumwambia ulipo, akampigia tena kuhakikisha amesikia. Kisha akapanda, akafunga kitasa peke yake, akavuta kiti akakiegemeza mlangoni kwa ndani, na juu ya kiti akapanga masufuria mawili na kifuniko.

"Hiyo ya nini?" Muhanna akauliza kitandani.

"Mtu mzima ana ufunguo wake, anaingia apendavyo," akasema Bi Amna, akizima taa. "Mie nataka kusikia tu."